Maswali ya Wasomaji: Mhusika Aliyejeruhiwa Amwamini Nani?

Barua nne tulizozichagua kwa safu ya mwezi huu zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini zote zinauliza habari za wahusika wa hadithi waliopatwa na jambo zito: wanaishije na hofu waliyobaki nayo, na ni nani wanayeweza kumwamini tena. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu swali lenyewe limebeba mengi.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Mwanza. Kila ninapofundisha riwaya ya Rosa Mistika, darasa hugawanyika. Wengi, wasichana wakiwamo, husema Rosa alijitakia, na kwamba msichana aliyelelewa kwa kuwaogopa wanaume asingeweza kubadilika ghafla akawa hamkatai yeyote. Je, hii ni kasoro ya mwandishi, au ipo namna ya kuwaeleza wanafunzi?

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kazi. Wanafunzi wako wameona jambo lililomo kweli katika kitabu, ila wamelitolea hukumu kabla ya kulichunguza, na sehemu ya lawama naiweka kwenye ile miongozo ya mitihani inayoorodhesha "sifa za mhusika" na kuandika mbele ya jina la Rosa neno moja la kashfa, kana kwamba alizaliwa nalo.

Badiliko la Rosa ni la ghafla kwa msomaji anayetazama matendo yake peke yake. Euphrase Kezilahabi, katika riwaya hiyo iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kwa kipindi fulani ilipigwa marufuku shuleni, anatuonyesha mapema kabisa Zakaria, baba mlevi wa kijijini Ukerewe, akimpiga binti yake kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Waulize wanafunzi kipigo kile kilimfundisha Rosa nini. Hakikumfundisha kumpima mwanamume, akajua huyu ana nia njema na yule ni laghai. Kilimfundisha kwamba wanaume wote ni hatari moja isiyo na sura, na kwamba hatari hiyo ikibisha hodi, atakayeadhibiwa ni yeye aliyeandikiwa. Rosa anafika shule ya bweni akiwa na woga tele na maarifa haba, na mtu wa namna hiyo woga ukimtoka hana kitu kingine cha kumlinda.

Kumwamini mtu ni jambo tunalojifunza kwa majaribio madogo madogo tangu utotoni: unampa mwenzako siri uone kama ataitunza, unamwazima kalamu uone kama itarudi, unakosea mbele ya mzazi uone kama atakusikiliza kabla ya kuinua mkono. Rosa hakupata nafasi ya kufanya majaribio hayo wakati makosa yake yangekuwa madogo. Alipoyafanya alikuwa msichana mkubwa, mbele ya wanaume wazima waliojua vizuri wanachokitaka kwake. Hata mkuu wa chuo huko Morogoro, ambaye kwa cheo chake alipaswa kusimama mahali pa mzazi, ni mmoja wa waliomtumia.

Kama darasa bado lina shaka, wakumbushe Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980. Maimuna analelewa katika nyumba ambayo baba yake, Bwana Maksuudi, ameifanya kifungo, na anapotoroka anatumbukia katika maisha ya baa. Mwandishi mmoja ni wa Ukerewe, mwingine ni wa Pemba. Nyumba moja ni ya Kikristo, nyingine ni ya Kiislamu. Na vitabu vyao vimepishana kwa miaka tisa. Waandishi wawili wa namna hiyo wanapotuchorea binti aliyefungiwa akatoka bila kujua nani ni nani, mimi naona vigumu kuiita hiyo kasoro.

Lakini ipo hoja nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Katika Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla hajatunukiwa Nobeli, yumo msichana mdogo aitwaye Afiya, anayeishi kwa mtu anayemwita mjomba na kutumikishwa humo kama mtumwa. Kaka yake, Ilyas, anampata, anamchukua, anamfundisha kusoma na kuandika. Kisha kaka anajiunga na jeshi la Wajerumani, na Afiya anarudishwa kule kule. Mjomba anapogundua kwamba mtoto anajua kuandika, anampiga hadi kumvunja mkono. Tunao basi wasichana wawili, Rosa na Afiya, waliopigwa na walezi wao kwa sababu ya karatasi yenye maandishi. Afiya, akiwa na maumivu yake, anaandika ujumbe mfupi wa kuomba msaada. Ujumbe unamfikia Khalifa, rafiki wa kaka yake, na Khalifa anakuja kumchukua.

Nimesoma vitabu vyote viwili kwa makini na sioni popote panapoonyesha kwamba Afiya ni jasiri kuliko Rosa. Afiya alikuwa na wa kumwandikia. Sasa wape wanafunzi wako zoezi hili: waandike majina ya watu wazima wote waliomo katika maisha ya Rosa, na mbele ya kila jina waandike nini kingetokea endapo Rosa angemweleza mtu huyo yaliyomsibu. Watamweka mama yake, Regina, wa kwanza, na watagundua kwamba naye anapigwa na mtu yule yule, kwa hiyo upendo wake kwa binti yake, ambao hauna shaka, hauna pa kumpeleka. Wakifika kwenye mchumba wataona kwamba huyo ndiye hasa aliyeambiwa ukweli ukamgeuza moyo. Nadhani orodha hiyo ikishajazwa ubaoni, neno "alijitakia" halitarudi kirahisi, na atakayelirudia itambidi aonyeshe ni mlango upi ulikuwa wazi.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwandishi chipukizi wa Tanga. Katika riwaya yangu mhusika mkuu, Mwanaidi, amenusurika meli ilipozama, na sasa anaishi bara akijaribu kuanza upya. Msomaji wangu wa kwanza, ambaye ni dada yangu, ameniambia kwamba nimechosha kwa sentensi kama hizi: "Mwanaidi alitetemeka mwili mzima. Hofu ilimtawala. Hakumwamini mtu yeyote." Nifanye nini?

JIBU: Msikilize dada yako. Sentensi zako tatu hazina kosa la sarufi, lakini kila moja inamweleza msomaji hitimisho ambalo alipaswa kulifikia mwenyewe, na baada ya kuambiwa mara ya tatu huacha kulisadiki.

Mtu aliyenusurika hatetemeki mchana kutwa. Anapika, anakwenda sokoni, anadai chenji yake. Hofu yake imejificha katika namna alivyoyapanga maisha, na mpango huo kwake una mantiki kamili, ingawa kwa jirani unaonekana kituko. Jiulize basi Mwanaidi aliokolewa na nini siku ile. Tuseme alishikilia dumu tupu la plastiki hadi mashua za wavuvi zilipofika. Ukishalijua hilo, unaweza kuandika hivi, bila kutaja meli wala bahari:

"Jirani alibisha hodi akaomba dumu moja tu, kwa kuwa maji yalikuwa yametoka na foleni bado ilikuwa fupi. Mwanaidi alifungua mlango nusu, akasimama katikati. 'Yote yana kazi, dada,' akasema. Nyuma yake madumu matano yalikuwa yamepangwa ukutani, makavu, vifuniko vimekazwa. Jirani aliyaona, akamtazama, akaondoka bila kuaga."

Msomaji atamwona Mwanaidi mchoyo, kama jirani anavyomwona, na umwache hivyo kwa kurasa nyingi. Siku atakapojua dumu lilifanya nini baharini atarudi mwenyewe kwenye mlango ule. Zaidi ya hapo, sasa unayo njia ya kuonyesha imani ikirejea bila kulitaja neno lenyewe: mahali fulani katika sura za mwisho jirani anaomba tena, na Mwanaidi anatoa dumu moja, pengine lile lililopasuka mpini. Usimfanye atoe yote matano.

Inafaa pia ujue mwili na akili hufanya nini, ili usibuni mambo ambayo aliyepitia hali hiyo atayacheka. Kiwewe cha aina hii kiliingizwa rasmi katika mwongozo wa maradhi ya akili wa madaktari wa Marekani mwaka 1980, baada ya miaka mingi ya kuwaona askari waliorudi kutoka vitani wakiwa wazima wa mwili na wasiolala usiku. Alama zake kubwa zinatambulika: tukio humrudia mtu ndotoni na hata akiwa macho, kana kwamba linatokea upya, hukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha, hukaa chonjo wakati wote, akishtuka kwa mlango uliobamizwa, na moyo wake unaweza kufa ganzi hata kwa wale anaowapenda. Hapa waandishi wengi hukosea, kwa kuwa wanaonyesha machozi tu na kuisahau ganzi. Mwanaidi anaweza kushindwa kulia kwenye msiba wa mtu wake wa karibu, akaonekana hana utu, na yeye mwenyewe akajishangaa. Kumbuka vilevile kwamba wengi wanaopitia maafa hupata nafuu kadiri miaka inavyopita, hivyo ukiweka manusura watatu katika riwaya yako, usiwape wote hali moja.

Jambo la mwisho kwako ni mpangilio wa kumbukumbu. Kumbukumbu ya namna hii haiji kwa utaratibu wa mwanzo, kati na mwisho. Inakuja harufu ya dizeli, inakuja sauti ya mtoto anayemwita mtu kwa jina, halafu inafuata nafasi tupu ambayo Mwanaidi hawezi kuijaza hata akitaka. Nimepokea miswada mingi ambamo mhusika aliyekaa kimya kwa miaka hufunguka kwa mgeni aliyekutana naye kituo cha basi, akasimulia kurasa tatu bila kukosea hata saa, na mgeni akamshika mkono. Abiria wa namna hiyo sijawahi kukutana naye. Mpe Mwanaidi sentensi moja kwa wakati mmoja, azitoe kwa watu tofauti, na baadhi zipingane.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Naandika kutoka Mombasa. Kwa nini hadithi zetu nyingi humponya mtu kwa kumwoza? Mwanamke aliyeteswa anapata mume mwema, ngoma zinapigwa, hadithi imekwisha. Je, ndivyo mambo yalivyo?

JIBU: Marahaba. Sivyo, na sijui msomaji yeyote aliyeoa au kuolewa anayelisadiki hilo, lakini harusi ni mahali pazuri pa kushusha pazia, ndiyo maana waandishi huikimbilia.

Narudi kwa Gurnah, kwa sababu katika kitabu kile kile nilichomtajia mwalimu wa Mwanza ameiweka ndoa mahali tofauti. Atakayekuwa hajakisoma na asiyependa kuambiwa yaliyo mbele airuke aya hii na inayofuata. Hamza ni kijana aliyejiunga na jeshi la Wajerumani katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 huku Afrika Mashariki, akajeruhiwa vibaya na mkubwa wake mwenyewe wa Kijerumani, na anarudi katika mji wa pwani akichechemea, asiyependa kuulizwa alikotoka. Yeye na Afiya wanakaribiana polepole sana, kwa salamu, kwa sahani ya chakula, kwa beti chache za mshairi wa Kijerumani alizomfasiria kwa Kiswahili. Afiya ndiye mwenye kupiga hatua kubwa zaidi. Wanaoana, na ndoa yao ni njema. Hata hivyo Hamza anaendelea kupiga kelele usingizini, na mkewe anajifunza kuishi na mtu ambaye usiku bado yuko vitani. Kisha wanampata mtoto, wanampa jina la mjomba wake aliyepotea, Ilyas, na mtoto huyo anaanza kusikia sauti inayomuulizia Ilyas. Jeraha ambalo wazazi hawakulizungumza limepita kwa mwana, naye halijui linatoka wapi.

Ilyas mwenyewe ndiye mhusika ninayemfikiria zaidi kila nikikirudia kitabu. Alitekwa na askari wa Wajerumani akiwa mtoto, akalelewa na kusomeshwa mikononi mwao, na akawa mtetezi wao mkubwa mtaani, akiwaambia wenzake kwamba Wajerumani ni watu wema. Tumezoea kudhani kwamba aliyeumizwa hamwamini mtu. Yuko pia anayeishinda hofu yake kwa kumwamini aliyemuumiza, kwa sababu kukiri kwamba yule ni mbaya ni kukubali kwamba yeye mwenyewe hakuwa na kinga hata siku moja. Imani hiyo inamfikisha Ilyas hadi Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani, anakofia. Tena hilo si la kubuni moja kwa moja: Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kulitumikia jeshi la Wajerumani tangu utotoni, alifia katika kambi hiyo hiyo mwaka 1944.

Kwa hiyo, dada au kaka wa Mombasa, sina ugomvi na harusi. Ninachowaomba waandishi ni kwamba wasiandike "mwisho" siku ya harusi. Waandike usiku wa arobaini baada yake, mmoja amelala na mwingine ameamka anasikiliza.

SWALI: Ndugu Mhariri, nakaa mkoani Tabora. Mama yangu alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa msichana, akafikia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, na leo ni raia wa Tanzania. Nataka kuandika riwaya juu ya safari ile, lakini kila nikimuuliza anabadilisha mazungumzo. Nimeanza kuwauliza wazee wengine kimya kimya bila yeye kujua. Je, ninakosea?

JIBU: Kuwauliza wazee wengine habari za safari zao wenyewe si kosa. Kuwauliza habari za mama yako nyuma ya mgongo wake ni kosa, na nakushauri uache leo. Mtu aliyekimbia mauaji akiwa msichana alijifunza kwamba jina, kabila na kijiji unachotoka ni habari zinazoweza kukuua zikifika kwa mtu asiyefaa, na huenda anazibania hata sasa, miaka zaidi ya hamsini baadaye, mbele ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Akisikia kwa shoga yake kwamba unazikusanya, utakuwa umemthibitishia kwamba alifanya vyema kunyamaza.

Mwambie waziwazi kwamba unaandika, na kwamba jina lake na la kijiji chake hayatatokea. Usimuulize juu ya kifo. Muulize walibeba nini, walikula nini siku ya kwanza Tanzania, nani alijenga nyumba yao ya kwanza na kwa miti gani, shamba la kwanza lilipandwa nini. Maswali ya namna hiyo yana majibu yasiyoumiza, na mara nyingi msimuliaji hufika mwenyewe pale anapoweza kufika, kisha akasimama. Akisimama, nawe simama, uende ukamsaidie kupepeta mchele.

Na akikataa kabisa, bado unayo riwaya. Andika juu ya mtoto anayekua Tabora na mama anayebadilisha mazungumzo, anayekagua komeo mara mbili kabla ya kulala, asiyejaza fomu yoyote bila kuuliza inakwenda kwa nani. Hayo umeyaona kwa macho yako mwenyewe. Kabla ya kuchapisha msomee, au mpe mtu anayemwamini amsomee, na ukurasa atakaotaka utolewe uutoe bila kubishana naye. Sura mbili za mwanzo zikiwa tayari, zitume kwetu nizisome.